Redio ya helmeti: Klabu zikae kikao kabla ya kufungua pochi

Ubishi wa Cardo na Sena umeingia kwenye klabu za pikipiki kubwa na sasa unakaribia kufanana na ule wa Simba na Yanga. Upande mmoja unaapa kwa usafi wa sauti. Upande wa pili unaapa kwa idadi ya watu wanaoweza kuongea kwa pamoja. Katikati yupo jamaa mwenye hela yake mfukoni, anayetaka tu kuambiwa anunue kipi, na kila anayemuuliza anamtajia kile alichonacho yeye mwenyewe.

Makosa yanaanzia hapo. Kifaa cha kuongelea ndani ya helmeti si jaketi wala buti, kwamba mtu anachagua kinachompendeza na mwenzake hayamhusu. Kinafanana zaidi na lugha. Mtu akijifunza lugha tamu kuliko zote ambayo hakuna mwingine anayeizungumza kijijini kwake, atabaki kujisemesha. Kwa hiyo swali la kwanza si kampuni gani. Swali la kwanza ni nani ataongea na nani, kuhusu nini, na kwenye barabara ipi. Likijibiwa hilo, suala la kampuni linakuwa dogo na pengine linajijibu lenyewe.

Klabu nyingi zinaruka hatua hiyo. Wanachama wananunua mmoja mmoja, kila mtu kwa wakati wake, kila mtu kwa ushauri wa rafiki yake aliyeko Dubai au wa muuzaji wa Kariakoo. Siku ya safari wanakutana kituo cha mafuta, Kibaha au Chalinze, wakiwa na vifaa vya milioni kadhaa vichwani na hakuna anayemsikia mwenzake. Nusu saa inaishia kwenye kubonyeza vitufe. Mwisho wa yote wanakubaliana kutumia mikono kama zamani.

Mnyororo na wavu

Vifaa hivi vimegawanyika katika familia mbili, na tofauti yake si ngumu kuielewa.

Familia ya kwanza inatumia Bluetooth, teknolojia ileile ya simu na spika za nyumbani. Hapa waendeshaji wanaungana kama mnyororo: wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu, wa tatu na wa nne. Mnyororo ukiwa mfupi unafanya kazi vizuri. Tatizo linakuja pale pete moja ya katikati inapokatika. Wa tatu akisimama kuongeza upepo, wa nne na wa tano wanapotea naye, na mara nyingi kurudishana hewani kunahitaji kubonyeza upya huku watu wakiwa barabarani. Pia foleni ya mnyororo lazima iheshimiwe. Aliyepangwa wa pili akihamia nyuma ya msafara, mawasiliano yanaanza kuyumba.

Familia ya pili inaitwa meshi, yaani wavu. Hapa kila kifaa kinaongea na kila kingine kilicho karibu, na kila kimoja kinabeba sauti za wenzake kuzipeleka mbele. Mmoja akitoka, wavu unajifunga wenyewe. Akirudi, anaingia bila kubonyeza chochote. Cardo waliileta sokoni mwaka 2015 kupitia Packtalk, na Sena wakafuata mwaka 2018 kupitia 30K. Leo maelezo ya Packtalk Edge yanasema hadi waendeshaji 15 na kilomita 1.6 kutoka mmoja hadi mwingine. Yale ya Sena 50S yanasema hadi 24 katika kundi la faragha na kilomita 2.

Kuna jambo moja ambalo muuzaji halisemi mpaka aulizwe: meshi ya Cardo haiisikii meshi ya Sena. Ni wavu wawili tofauti. Vifaa vya kampuni hizo mbili vinaweza kuunganishwa kwa njia ya Bluetooth, lakini hapo ule uzuri wa meshi uliolipiwa pesa nyingi unapungua, na kazi inarudi kuwa ya mnyororo. Ndiyo maana klabu yenye watu kumi, sita wa huku na wanne wa kule, kimsingi ina misafara miwili inayotembea barabara moja.

Kwa hiyo hesabu iwe hivi. Anayetaka kuongea na mkewe au rafiki aliyekaa nyuma yake hahitaji meshi hata kidogo. Umbali kati yao ni nusu mita, na Bluetooth ya bei ya kawaida inamtosha. Marafiki wawili au watatu wanaotembea pamoja kila wikendi, walewale, nao Bluetooth inawatosha ili mradi vifaa ni vya aina moja. Kuanzia watano kwenda juu, hasa kama watu wanabadilika kila safari, hapo meshi si anasa tena. Na mwanachama mpya anayeingia kwenye klabu iliyokwishachagua anunue kile ambacho wenzake wanacho, hata kama kingine kimemvutia zaidi kwenye tangazo.

Namba za kwenye boksi

Kilomita mbili za kwenye boksi hupimwa mahali peupe, pasipo kona wala kizuizi. Mawimbi yanayotumiwa na vifaa hivi, ya gigahezi 2.4, hayapendi mlima, hayapendi ukuta na hayapendi lori la kontena. Barabara ya Dodoma kwenda Singida, pale penye tambarare na mstari ulionyooka, zitakuja karibu na ahadi. Kwenye kona za Kitonga, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, malori yanapanda kwa mwendo wa kinyonga, mambo ni mengine. Anayefuata akiwa kona moja tu nyuma anaweza kupotea hewani.

Hata hivyo, umbali wenyewe si mkubwa kama watu wanavyodhani. Pikipiki inayokwenda kilomita 80 kwa saa inakata mita 22 kila sekunde. Msafara wa pikipiki 12 zilizoachana kwa sekunde mbili, kama inavyopendekezwa kwa usalama, una nafasi 11 za mita 44 hivi. Jumla ni kama mita 490 kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa hiyo klabu ya kawaida haihitaji kugombania kilomita mbili. Inahitaji kifaa ambacho sauti haikatiki ndani ya nusu kilomita, mlimani, malori yakiwa katikati. Ndiyo faida ya meshi kwa msafara: sauti ya kiongozi hailazimiki kuruka mita 490 kwa mkupuo mmoja, inapokelewa na kupitishwa na wale wa kati.

Vilevile kuna mambo madogo ambayo safari ndefu huyageuza kuwa makubwa. Betri idumu siku nzima, kwa sababu Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 na hakuna anayemaliza kwa saa nne. Kifaa kiweze kuchajiwa huku kikitumika, kwa waya wa kutoka kwenye pikipiki au pawabenki. Kizuie maji kwelikweli, maana mvua ya masika haisubiri mtu afike Morogoro. Vitufe viwe vikubwa kiasi cha kuguswa kwa glovu. Na zile amri za sauti zinazosifiwa sana zijaribiwe dukani kwa lafudhi ya mnunuzi mwenyewe. Kifaa kinachomtaka mtu arudie neno la Kiingereza mara nne akiwa kwenye mwendo kinampa kazi ambayo hakuwa nayo.

Vya mtumba navyo vinauzwa. Si vibaya, ila betri ndiyo inayokufa kwanza, na betri iliyochoka haionekani kwa macho. Anayenunua mtumba aombe kukiwasha na kukaa nacho kikiwa kinaongea, si kukitazama tu kilivyong'aa.

Helmeti kwanza, redio baadaye

Kuna picha moja ya kusikitisha kwenye barabara zetu: kifaa kinachokaribia Sh1 milioni kabla ya usafiri na ushuru, kimebanwa kwenye helmeti ya Sh30,000 isiyo na kamba ya kueleweka. Vijiweni wanaiita 'elementi', na wengine wanaivaa kama kofia ya kuombea msamaha wa trafiki tu. Shirika la Afya Duniani lilishaeleza, kwa kutumia tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi, kwamba kuvaa helmeti kunapunguza hatari ya kifo katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 na hatari ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hakuna redio yenye uwezo huo. Mwenye bajeti ya kitu kimoja anunue helmeti, na suala la redio alisahau mpaka mwakani.

Mwenye helmeti nzuri naye ana kazi ya kufanya. Malalamiko mengi ya "spika mbovu" si ya spika, ni ya mahali zilipobandikwa. Spika ikikaa sentimita mbili nyuma ya tundu la sikio, hata ya bei mbaya itasikika kama redio ya jirani. Inatakiwa itazamane na tundu la sikio na iwe karibu nalo bila kulibana. Helmeti nyingi za kisasa zina shimo la duara ndani ya sponji kwa kazi hiyo. Isiyo na shimo hilo haichongwi. Lile povu gumu lililo chini ya kitambaa ndilo linalomeza kishindo siku ya kuanguka, na kulikata ili spika ikae vizuri ni kuuza uhai kwa ajili ya muziki.

Maikrofoni nayo ina aina mbili. Helmeti inayofunika uso mzima inataka ile ndogo ya waya inayobandikwa ndani ya kidevu. Helmeti ya uso wazi au ile inayofunguka mbele inataka yenye mkono mgumu unaoletwa mdomoni. Ukibadilisha moja kwa nyingine, wenzako watakuwa wanasikia upepo na wewe ukiwa kwa mbali ndani yake.

Kisha lipo suala la masikio, ambalo wengi hulikumbuka uzeeni. Kwenye mwendo wa barabara kuu, upepo peke yake ndani ya helmeti unavuka desibeli 90. Wataalamu wa afya kazini wanaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda unagawanywa nusu. Kwa desibeli 100 muda salama ni dakika 15. Sasa mtu anayepandisha sauti ya muziki ili ishinde upepo anaongeza kelele juu ya kelele. Dawa yake inaonekana ya ajabu kwa asiyeijua: vizibo vya masikio. Vinapunguza upepo, na sauti ya spika ikiwekwa sawasawa bado inapenya. Bei yake haifiki hata ya chakula cha mchana njiani.

Somo la Naivasha

Michezo ya magari imeishi na suala hili kwa miaka mingi, na kuna la kujifunza. Safari Rally iliporudi kwenye ratiba ya mashindano ya dunia mwaka 2021, mashabiki waliojaa Naivasha waliona magari yakipita kwenye vumbi kwa kasi ya kutisha. Wasichokisikia ni mazungumzo ya ndani. Dereva na msomaji ramani wamekaa bega kwa bega, lakini kwa kelele ya injini na mawe yanayopiga chini ya gari, bila intakomu ndani ya helmeti zao hawasikilizani. Sebastien Ogier alishinda mwaka ule akiwa na Julien Ingrassia, na Kalle Rovanperä akashinda mwaka uliofuata akiwa na Jonne Halttunen. Mshindi anatajwa mmoja mtaani, ila walikuwa wawili.

Msomaji ramani hapigi stori. Hamuulizi dereva jana alilala wapi. Anasema kona inayokuja, ukali wake, umbali wake, na hatari iliyopo, kwa maneno mafupi waliyoyakubali kabla ya kuingia barabarani. Anayasema kwa wakati: akiwahi dereva anasahau, akichelewa gari liko kichakani. Nafasi iliyobaki ni ukimya, na ukimya huo ni sehemu ya kazi.

Upande wa pili kuna MotoGP. Mbio hizo za pikipiki zenye kasi kuliko zote zimekua kwa miaka mingi bila mwendeshaji kuongea na timu yake kwa redio wakati wa mashindano. Mwendeshaji alisoma ubao unaoinuliwa pembeni ya njia, na baadaye ujumbe mfupi kwenye dashibodi. Mwaka 2017, pale Sepang, Malaysia, Ducati walimtumia Jorge Lorenzo ujumbe wa 'mapping 8' akiwa mbele ya Andrea Dovizioso aliyekuwa akiwania ubingwa na Marc Marquez. Dunia nzima iliuona kwenye televisheni na wengi wakautafsiri kuwa ni amri ya kumpisha mwenzake. Lorenzo akasema hakuuona. Wiki mbili baadaye, Valencia, akapewa tena ujumbe na akaendelea kukaa mbele, mpaka wote wawili wakaanguka na Marquez akabeba taji.

Watu walibishana sana kuhusu utii. Lakini lipo jingine la kulitazama: mtu aliye juu ya pikipiki kwenye kikomo cha uwezo wake hana nafasi kubwa kichwani. Ujumbe ulio wazi kwa anayeutuma unaweza usifike kabisa kwa anayeupokea, na hata ukifika, uamuzi unabaki kwa aliyeshika usukani. Hiyo ni kwa mabingwa wa dunia, kwenye njia isiyo na ng'ombe wala daladala.

Akili za kuambiwa, changanya na zako

Hapo ndipo hatari kubwa ya vifaa hivi ilipo, na haijadiliwi kwenye ubishi wa kampuni. Kiongozi wa msafara analipita lori na kutangaza: "Njia nyeupe, pita!" Kwake ni kweli. Kwa wa pili huenda bado ni kweli. Kwa wa kumi na mbili aliye mita 490 nyuma, atafika mahali pale sekunde 22 baadaye. Katika sekunde hizo, basi linalokuja kwa kilomita 80 kwa saa litakuwa limesogea mita nyingine 490. Njia iliyokuwa nyeupe imeshakuwa na basi. Mtu aliyezoea kuamini sauti ya sikioni kuliko macho yake anatoka kulipita lori kwa taarifa iliyokwisha muda.

Klabu yoyote inayonunua vifaa hivi iandike kanuni hii ya kwanza: hakuna anayemruhusu mwenzake kupita. Redio inatumika kuonya, haitumiki kuruhusu. "Lori linakuja" ni taarifa nzuri, kwa sababu ikiwa imechelewa haimuui mtu. "Pita" ni amri, na ikichelewa inaua.

Kanuni ya pili ni maneno machache yanayojulikana na wote. Shimo. Mchanga. Ng'ombe. Tuta. Punguza. Simama. Mafuta. Nani anahitaji hotuba kumwambia mwenzake kuna tuta lisilo na alama? Sentensi ya sekunde tano kwa mwendo wa kilomita 80 imeisha mita 110 mbele. Kipande cha hifadhi ya Mikumi, ambako twiga na tembo wanavuka barabara wanavyotaka na mwendo umewekewa ukomo, kiwe cha kimya kabisa isipokuwa kwa neno la hatari. Kona za Kitonga hali kadhalika. Stori za Simba na Yanga zitasubiri chai ya Iringa.

Kanuni ya tatu inahusu simu. Vifaa hivi vyote vinaunganishwa na simu, na hapo ndipo vinapogeuka kutoka msaada kuwa mtego. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yuko kwenye hatari ya ajali karibu mara nne zaidi ya asiyetumia, na kwamba simu ya kutoshika mkononi si salama kwa kiasi kikubwa kuliko ya kushika. Tatizo liko kwenye akili inayohamia kwa mpigaji, kwa hiyo kuuacha mkono huru hakusaidii sana. Mwenzako wa msafara walau yuko barabara hiyohiyo na anajua kwa nini umenyamaza ghafla. Bosi aliyeko ofisini Posta hajui kwamba mbele kuna lori limezima taa. Simu izimwe kwenye kifaa, anayesubiriwa ampigie mtu kituoni.

Ukweli huo unawahusu zaidi madereva bodaboda. Wengi wao hawana intakomu, wana simu iliyochomekwa kati ya shavu na helmeti, wakiongea na mteja anayefuata huku wamembeba wa sasa. Abiria aliye nyuma hajaulizwa kama anakubali. Kuwauzia vijana hawa kifaa cha bei nafuu cha kuchomeka kwenye helmeti kama ndiyo suluhisho ni kuwadanganya. Suluhisho kwao ni kusimama pembeni, kupokea, kisha kuendelea. Na kampuni zinazowapa kazi kupitia programu za simu zingeweza kusaidia kwa kutowapa adhabu wanapochelewa kujibu wakiwa na abiria mgongoni.

Wa kwanza na wa mwisho

Basi klabu ifanye nini? Kikao kwanza, pochi baadaye. Wanachama wakubaliane familia moja ya kifaa, wakiangalia nani tayari anacho nini, ili wengi wasilazimike kununua upya. Kama sita kati ya kumi wana Sena, mjadala umekwisha. Kama ni Cardo, umekwisha vilevile. Ubora unaozidiana kidogo kati ya kampuni hizo hauwezi kufidia hasara ya nusu ya msafara kuwa kiziwi.

Wasio na uwezo wasilazimishwe, kwa sababu msafara hauhitaji kila mtu awe hewani. Ukiwa na fedha ya vifaa viwili tu, cha kwanza aende nacho kiongozi na cha pili mfunga mkia. Hao wawili ndio wanaojua kama msafara bado ni mmoja. Mfunga mkia akisema mmoja kasimama, kiongozi anapunguza, na hakuna anayekwenda kilomita 20 mbele akidhani wenzake wanakuja. Ila kwa vifaa viwili hakuna wa katikati wa kupokezana sauti, hivyo msafara lazima ukae karibu zaidi, na cha tatu kikipatikana kikae katikati. Baada ya hapo wafuate wageni wa safari ndefu, halafu ndiyo wazoefu. Klabu nyingi zinafanya kinyume: wenye hela ndio wanaokuwa na redio, nao hukaa mbele pamoja wakipiga stori, huku mgeni akihangaika peke yake nyuma.

Ishara za mikono zibaki na zifundishwe. Betri inakufa, mvua inaingia, kifaa kinasahaulika hotelini. Msafara usioweza kutembea bila redio ulikuwa na tatizo kabla ya redio. Mazoezi yafanyike Jumamosi moja, Bagamoyo kwenda na kurudi, kila mtu akijifunza vitufe vyake huku amesimama, kabla ya safari ya kilomita 800.

Kipa anayejua kazi yake hapigi kelele dakika 90. Anaita beki wake mara chache, kwa jina, mpira ukiwa bado mbali, na beki anajua kuwa akisikia sauti ile kuna jambo. Klabu ikikubaliana hivyo, hata vifaa vya bei ya kati vitaifaa. Isipokubaliana, vya bei ghali kuliko vyote vitaongeza kelele tu ndani ya helmeti, mahali ambapo kelele tayari ni nyingi.